Kongosho liko nyuma ya kila kitu

Laza kiganja cha mkono wa kulia kati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua, vidole vielekee kushoto, juu kidogo. Hapo umelifunika kongosho lako, au pankreasi, kama wengi wetu hapa Goma tunavyosema. Ila usidhani umeligusa. Chini ya kiganja kuna ngozi, mafuta, misuli, kipande cha ini, halafu mfuko wa tumbo wenyewe. Kongosho limelala nyuma ya hivyo vyote, limeegemea uti wa mgongo kwenye pingili ya kwanza na ya pili ya kiuno. Lina urefu wa sentimita 12 hadi 15 hivi na uzito usiozidi gramu 100 kwa watu wengi, na nyama yake ni laini mno, uzi wa mpasuaji unaichana upesi.

Kazi yangu ni ekografia, yaani kupiga picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, kwa hiyo kiungo hiki nakijua kwanza kwa usumbufu wake. Mawimbi ya sonda, kifaa ninachokiweka juu ya tumbo, hayapiti kwenye hewa, na mbele ya kongosho ndipo hewa inapopenda kukaa, ndani ya mfuko wa tumbo na ndani ya utumbo mpana unaokatiza pale. Ndiyo maana tunakuambia uje bila kula tangu usiku. Lakini mama anafika saa nne ameshakunywa chai na mandazi, "kidogo tu, Docta", na jana yake alikula maharagi. Naweka sonda, naona weupe mtupu. Mara nyingine namnywesha vikombe viwili vitatu vya maji na kumkalisha. Maji yanaisogeza hewa, nami napata pa kupenya. Yakishindikana, naandika kwamba kongosho halikuonekana vizuri. Sentensi hiyo inatia watu hofu bure. Maana yake ni kwamba hewa imenizuia, wala haisemi lolote kuhusu ugonjwa.

Hata tumbo likiwa tupu, sianzi kwa kulitafuta kongosho lenyewe. Halina mpaka mkali, na kwa mtu mnene linafanana sana na mafuta yanayolizunguka. Naanza na mishipa ya damu. Iko vena inayotoka kwenye wengu, inapita nyuma ya kongosho kutoka kushoto kuja katikati, inakutana na vena kubwa inayopanda kutoka matumboni. Katika makutano hayo inazaliwa vena porta, inayopeleka damu kwenye ini. Mbele ya makutano hayo tu ipo shingo ya kongosho. Ukishaipata shingo, mengine yote yamejipanga: kichwa kulia, mwili na mkia kushoto, aota, mshipa mkuu wa damu kutoka moyoni, nyuma.

Kichwa ndicho kinachonipa kazi zaidi. Kimepakatwa na duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, kama mtoto mikononi mwa mama. Upande wake wa nyuma unapita mfereji wa nyongo ukishuka kutoka kwenye ini. Mfereji wa kongosho nao unakuja kutoka mkiani, ukiwa mzima hauzidi milimita 3, na kwa watu wengi mifereji hiyo miwili inamwaga ndani ya duodeni kupitia tundu moja. Wa kwanza kuueleza mfereji wa kongosho kwa binadamu ni Johann Georg Wirsung, huko Padua, mwaka 1642. Aliuawa mwaka uliofuata, kabla hajajua unafanya nini.

Tundu moja kwa mifereji miwili ni chanzo cha mambo mengi. Uvimbe ukiota kwenye kichwa, hata ukiwa mdogo, unabana mfereji wa nyongo: macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mweusi, choo kinapauka, mwili unawasha, na mara nyingi hakuna maumivu makali mwanzoni. Familia inasema ini limeharibika, inamtafutia mgonjwa mizizi, na wiki zinapita. Uvimbe wa mkiani hauna mfereji wa nyongo wa kubana, kwa hiyo unaweza kukua kimya muda mrefu. Ni kansa ileile, lakini sentimita chache za mahali zinaamua nani atakuja mapema na nani atachelewa.

Jiwe la nyongo likikwama kwenye tundu hilo, maji ya kongosho yanakosa pa kutokea. Kongosho hutoa kama lita moja na nusu kwa siku, na ndani yake mna vimeng'enya vya kusaga nyama, mafuta na wanga. Vile vya kusaga nyama hutoka vikiwa vimelala, huamshwa na duodeni. Vikiamkia ndani, kongosho linaanza kujisaga lenyewe. Jiwe si mkosaji pekee. Mnyoo wa askarisi hupanda na kuingia tunduni. Kwenye skrini naona mistari miwili sambamba, na akiwa hai mistari inajinyonga. Pombe nayo imo, hasa kwa mtu aliyekunywa kanyanga miaka na miaka.

Kwa kuwa kongosho liko nyuma, na fundo kubwa la neva liko nyuma yake, maumivu yake hutoboa hadi mgongoni. "Docta, inanikata hapa, inatokea mugongoni", mgonjwa husema hivyo huku ameinama mbele, kwa sababu akilala chali inazidi. Wengi wameshameza dawa za vidonda vya tumbo kwa muda mrefu. Nikimwona mtu ameketi amejikunja kitandani hataki kulala, nalifikiria kongosho kabla sijasoma karatasi yake.

Mji wetu una jambo lake jingine. Shingo na mwili wa kongosho vinapita juu ya mfupa wa mgongo. Kijana anateremka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa makaa kutoka Kibumba, gurudumu linagonga jiwe la lava, usukani unamwingia tumboni. Mtoto aliyeanguka na baiskeli ni vilevile. Kongosho linabanwa kati ya usukani na mfupa, linaweza hata kukatika vipande viwili. Siku ya kwanza ngozi ina alama ndogo tu na eko yangu, yaani picha ya ekografia, inaweza kuwa safi. Kisha maumivu yanarudi, mgonjwa anatapika, tumbo linakaza. Hapo inatakiwa kupima lipasi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye damu, kurudia picha, na kufanya skana palipo na skana. Eko safi ya saa za mwanzo isimrudishe mtu huyo nyumbani.

Mkia unafika kwenye mlango wa wengu. Huku malaria inafanya wengu za watu kuwa kubwa, na zikipigwa hupasuka kirahisi. Mpasuaji anayetoa wengu kwa haraka anajua kwamba kidole kimoja pembeni kuna mkia wa kongosho.

Mkiani pia ndipo vimesongamana zaidi vile visiwa vya seli ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869, Berlin, akiwa bado mwanafunzi. Ni kama milioni moja, lakini vyote pamoja ni asilimia 1 au 2 tu ya uzito wa kongosho. Vinatoa insulini, homoni inayoshusha sukari, moja kwa moja ndani ya damu, bila kupitia mfereji wowote. Wagonjwa wa sukari wananiletea karatasi, wanataka niangalie kama kongosho lao "bado linafanya kazi". Visiwa hivyo ni vidogo kuliko sonda inavyoweza kuona. Kongosho linaweza kuwa na umbo zuri kabisa kwenye eko, na sukari ikawa imepanda vibaya. Kwa swali hilo nenda labo, si kwangu.