Peru kwa jicho la mtu wa viazi

Ukisema umetoka Peru, swali la kwanza ni Machu Picchu, yale magofu ya Wainka mlimani. Nimefika, panastahili sifa zake zote. Lakini kazi yangu ni viazi mviringo, na miaka mingi nimekuwa na wakulima wa Njombe na Mbeya, kwa hiyo macho yangu yalinasa mahali pengine kabisa.

Juu ya mji wa Pisac, mkoani Cusco, kuna jamii za Waquechua, wenyeji wa asili wa milima ya Andes, zilizounganisha ardhi zao na kuiita Parque de la Papa, yaani Hifadhi ya Viazi. Mashamba yao yanapanda hadi zaidi ya mita 4,000, na mgeni kila akipiga hatua pumzi inamkatikia. Sisi kwetu tunamhimiza mkulima apande aina moja, maana soko la chipsi linataka viazi vinavyofanana. Wao kipande kimoja kidogo wanakichanganyia aina nyingi kwa makusudi: vyekundu, vya manjano, vya zambarau mpaka ndani, na kuna kimoja chenye vinundu na mashimo tele ambacho kwa desturi bibi harusi mtarajiwa hupewa akimenye, watu waone ustadi wake. Baridi ikianguka ghafla usiku, aina fulani zinaungua, nyingine zinasimama. Bakajani chelewa, ugonjwa ule wa viazi uliowaangamiza watu wa Ireland kwa njaa miaka ya 1840, ukiingia humo haukuti shamba zima likiwa na udhaifu mmoja. Mavuno kwa hekta ni madogo, sitaficha. Ila wanavuna kitu kila mwaka, na kwa familia inayolima ili ile, nadhani hesabu yao ni sahihi.

Kilichonishika zaidi ni chuño, viazi vinavyogandishwa na kukaushwa. Nilikuwa nimeisoma tu. Juni na Julai, anga ikiwa haina mawingu na usiku baridi ikishuka chini ya sifuri, viazi vidogo hutandazwa chini, hasa vile vichungu visivyolika vikiwa vibichi wala vikichemshwa tu. Usiku vinaganda na barafu inapasua seli zake. Mchana jua linaviyeyusha. Baada ya siku chache vimelegea, na familia nzima huvikanyaga kwa miguu mitupu. Maji yanatoka, maganda yanabanduka, na sehemu kubwa ya sumu inayoleta uchungu, glikoalkaloidi, inaondoka na maji hayo. Kisha vinaanikwa juani. Mwisho unashika kitu cheusi, chepesi kama kizibo cha chupa, ambacho kinakaa ghalani miaka bila kuharibika. Chuño nyeupe, iitwayo moraya, hulowekwa kwenye maji ya mto kabla ya kuanikwa. Mtu aliyewahi kuona magunia yakioza kando ya barabara msimu wa mvua hawezi kuitazama kazi hii akabaki vilevile. Hakuna friji, hakuna umeme. Kuna baridi, jua na nyayo.

Viazi vibichi vya kula na vya mbegu huhifadhiwa kwa matabaka ya muña, mmea wa milimani wenye harufu kali kama ya mnanaa. Mafuta yake hufukuza nondo wa viazi na kuchelewesha kuchipua. Muña haioti kwetu, lakini tunayo majani mengi ya harufu, na ningependa kuona majaribio ya dhati kwenye maghala ya wakulima wetu.

Katika mji mkuu, Lima, nilikwenda wilaya ya La Molina, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoanzishwa mwaka 1971. Benki yake ya mbegu imewarudishia wakulima wa Pisac aina zilizokuwa zimepotea mashambani, zikiwa zimesafishwa virusi. Viazi vitamu lishe, vile vya rangi ya chungwa, navyo vina mkono wa kituo hiki: Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa watafiti wake watatu waliopata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi hiyo, pamoja na Maria Andrade na Jan Low.

Ukipanga safari, nenda Juni. Pumzika kwanza siku mbili tatu kwenye bonde la Urubamba mwili uzoee, kunywa chai ya muña, halafu panda mlimani. Mwombe mwenyeji akupikie supu ya chuño. Ladha yake ni ya udongo kidogo, na kijiko cha kwanza huenda kisikupendeze. Endelea hadi cha tatu.