Je, wajua kwa nini Range Rover ya mtumba huamka asubuhi imekaa kitako?

Jioni umeiegesha nje ya nyumba Fuoni, Unguja, imesimama sawasawa. Asubuhi unatoka na funguo mkononi unaikuta imechutama, tairi zimezama ndani ya bodi na vidole viwili havipiti katikati. Ukiwasha, mngurumo unasikika chini kwa dakika kadhaa, kisha gari inanyanyuka taratibu, nyuma kwanza. Wengi hapo huridhika: si imenyanyuka? Kumbe mngurumo ule ndio unaokula pesa.

Daladala hubebwa na springi za chuma. Range Rover L322 (toleo la 2002–2012), Range Rover Sport ya mwanzo na Discovery 3 nyingi, zote za Land Rover, hubebwa na mipira minene iliyojazwa upepo, mmoja kwa kila tairi. Kompresa ya umeme hujaza tangi, vali hugawa upepo kwa miguu minne, na sensa ya kila mguu huiambia kompyuta kimo kilichopo. Kwenye Discovery 3, ukibonyeza swichi gari hushuka milimita 50 ili watu wapande, au hupanda milimita 55 kwa njia mbovu. Mgandamizo wa upepo kwenye tangi unaweza kupita bari 15, wakati tairi la kawaida halifiki hata 3.

Mpira huo hujikunja na kujikunjua kila gari inapopita shimo, na pale pindoni ndipo unapozeeka. Kwetu pindo hilo linapata adui wa ziada: vumbi la mawe ya matumbawe, mchanga wa pwani na chumvi. Vinaingia kwenye mkunjo, vinasaga kama msasa. Nyufa zikifika ndani, upepo unaanza kutoka polepole, usiku kucha.

Mbona basi mguu mmoja unavuja na gari nzima inalala? Kwa sababu kompyuta haitaki gari ikae upande. Kwenye Discovery 3 huamka saa mbili baada ya kuzima, kisha kila baada ya saa sita, ikapima miguu yote na kuishusha ile mizima ilingane na mgonjwa. Ndiyo maana fundi asiyejua hilo hutazama gari iliyolala sawa pande zote akasema kompresa imekufa.

Kompresa kweli itakufa, ila baadaye. Hewa ya Unguja ina unyevu mwingi, masika ndiyo usiseme. Upepo unaoingia hupitishwa kwanza kwenye kikaushio chenye punje zinazonyonya maji. Gari inaposhuka kwa kawaida, upepo mkavu hurudi kwa njia ileile na kuzikausha zile punje. Kikaushio hujisafisha chenyewe, ufundi mzuri sana. Lakini mpira ukiwa na tobo, upepo hautoki tena kupitia kikaushio, unatokea tobo­ni. Kompresa inaingiza hewa mbichi kila siku, punje hazikauki, zinashiba maji na kusagika kuwa unga. Unga na maji huingia kwenye vali, nazo zinaanza kukwama au kuvuja. Wakati huohuo ringi ya pistoni inalika kwa kazi isiyokwisha, kompresa inapata moto, kompyuta inaizima ipoe, na taa inawaka kwenye dashibodi. Tobo dogo kama ncha ya sindano limekuharibia vitu vitatu.

Kwa hiyo tobo litafutwe kabla ya kununua chochote. Egesha kwenye saruji iliyo sawa, pima kwa futi kutoka katikati ya ringi ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, uandike miguu yote minne. Zima, kisha toa fyuzi ya mfumo wa upepo ili kompyuta isilinganishe miguu. Asubuhi pima tena. Ukishuka mguu mmoja, shuku mpira wake au bomba lake. Ikishuka miwili ya mbele kwa pamoja, au miwili ya nyuma, nenda kwenye vali zao. Kisha rudisha fyuzi, nyanyua gari kimo cha juu mpaka pindo lifunguke, egemeza bodi kwenye stendi imara, na unyunyize maji ya sabuni ya vyombo. Povu litachemka pale pale penye tobo. Nyunyiza na kwenye viungo vya mabomba pia. Bomba likikatwa kwa koleo linakuwa bapa na halitakamata. Likatwe kwa wembe mkali, ncha iwe sawa.

Bila stendi usiingize hata mkono. Gari iliyozimwa inaweza kujishusha yenyewe, na uzito wake ni zaidi ya tani mbili. Wala bomba lisifunguliwe kabla ya kutoa upepo kwa mashine ya kusomea gari.

Bei za kuagiza, bila usafiri wala ushuru, ni takriban hivi: kompresa isiyo ya kampuni yenyewe dola 150 hadi 300, ya asili mara mbili au zaidi. Mguu wa mbele, ambao mpira na shokapu ni kitu kimoja, huanzia dola 150 kwa wa bandia na kupita 500 kwa wa asili. Ringi ya pistoni na punje mpya ni chini ya dola 40, na hapo ndipo kompresa nyingi zingeokolewa mapema. Ukibadili kompresa, badili na relei yake, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha, dola kumi na kitu tu. Relei ikigandia, kompresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue, hata iwe mpya.

Wapo wanaong'oa upepo wote na kuweka springi za chuma. Inawezekana, na kwa anayekaa mbali na spea si wazo baya, ila hutanyanyua tena gari kwenye maji ya masika, na inahitajika kifaa cha kuinyamazisha kompyuta. Anayebaki na upepo aoshe ndani ya madigadi kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila arudipo ufukweni Paje au Nungwi, mpira wa bomba ukielekezwa kwenye pindo.

Na anayekwenda kununua afike alfajiri, kabla muuzaji hajawasha. Aguse boneti. Ikiwa ya moto, gari imeshanyanyuliwa. Aombe izimwe, arudi kesho yake.