Kipimo cha Miwani Nacho Hupitwa na Wakati

Karatasi uliyopewa mara ya mwisho ulipopimwa macho ina tarehe. Kwa mtu mzima asiye na maradhi, kipimo hicho hutegemewa mwaka mmoja, pengine miwili. Hata hivyo wengi huja kliniki na karatasi ya miaka minne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo, wakisema: "Nitengenezee kama hii hii, nilikuwa naona vizuri." Tukiwaomba wapimwe upya, baadhi hudhani tunawatafutia gharama.

Namba za lenzi zilizo kwenye karatasi hiyo zinaeleza jicho la siku ile. Aliyekuwa na -1.50, yaani haoni mbali vizuri, leo anaweza kuwa na -2.25, akahitaji lenzi kali zaidi. Mtoto wa shule hubadilika haraka zaidi, maana jicho lake bado linakua, kwa hiyo anayevaa miwani apimwe kila mwaka. Ukifika miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho huanza kukakamaa, ukajikuta unasogeza simu mbali ili usome.

Hayo ni ya umri. Yanayonitia wasiwasi ni yale yanayoletwa na ugonjwa. Sukari ikipanda mwilini, namba za miwani huweza kuhama ndani ya siku au wiki chache. Mtu huyo akitengenezewa miwani mipya papo hapo, sukari ikitulia miwani hiyo haitamfaa tena. Kuna pia mzee aliyekuwa hasomi bila miwani, ghafla anasoma gazeti kwa macho matupu. Nyumbani wanafurahi, kumbe ni mtoto wa jicho anayekomaa, na nafuu hiyo haidumu.

Presha ya macho ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa aina yake iliyozoeleka haiumi. Inakula uono wa pembeni kidogo kidogo huku mgonjwa akiendelea kusoma herufi za chini kabisa kwenye chati. Kilichopotea hakirudi; matone na upasuaji hulinda kilichobaki. Sisi Waafrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi, na kama mzazi au ndugu yako wa damu anayo, usingoje dalili. Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani inaweza kukusaidia kusoma, lakini muuzaji hakupimi presha ya macho wala hatazami neva iliyo nyuma ya jicho. Sisi hufanya hivyo, mara nyingi baada ya kukuwekea matone ya kupanua mboni, kwa hiyo siku hiyo usije ukiendesha gari.

Mwenye kisukari apimwe kila mwaka hata kama anaona vizuri. Njoo na miwani yako ya zamani, hata iliyovunjika, maana tunaweza kusoma namba kwenye lenzi zenyewe. Utaje na dawa unazotumia.

Ukiona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kama pazia limeshuka upande mmoja, usisubiri tarehe ya kliniki. Wahi hospitali siku hiyo hiyo.