Kijana asiyevutiwa kingono na mtu yeyote: maktaba ya shule imfanyie nini?

Mabwenini, taa zikishazimwa, mazungumzo huhamia kwenye nani anampenda nani. Kijana asiye na la kusema hunyamaza, na akibanwa sana hutaja jina lolote ili aachwe. Wengi wa hao wanachelewa tu, nalo ni jambo la kawaida katika ujana. Lakini wapo ambao mvuto wa kingono kwa mtu mwingine haupo, au huja kwa nadra mno, hata wakishakuwa watu wazima. Hao ndio wanaoitwa aseksuali.

Hali hii si nadhiri. Padri au sista huenda anavutiwa na watu ila ameamua kujinyima. Kijana huyu hakuamua kitu. Wala hana moyo mgumu. Baadhi yao hupenda kwa dhati na hutamani ndoa na watoto, wengine hawana haja ya mahaba kabisa.

Mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert wa Kanada alichapisha uchambuzi wa majibu ya zaidi ya watu 18,000 nchini Uingereza. Takriban 1% walisema hawajawahi kuvutiwa kingono na mtu yeyote. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulieleza kwamba mtu anayejitambua kuwa aseksuali hapaswi kuhesabiwa kuwa na ugonjwa wa kukosa hamu. (Aliyekuwa na hamu ikatoweka ghafla ni habari nyingine, huyo amwone daktari.)

Hapa Uganda, kijana huyu atapata wapi maelezo hayo? Kwa kabila la Waganda, senga, yaani shangazi, humfunda binti mambo ya ndoa, na mafundisho yake huanzia pale ambapo hamu inadhaniwa ipo tayari. Binti akisema hana, ataambiwa amerogwa au apelekwe kuombewa. Mvulana ataambiwa si mwanamume. Ninachokihofia zaidi ni yule anayeingia kitandani na mtu ili kujithibitisha tu, akatoka na mimba au virusi vya Ukimwi kwa tendo ambalo hata hakulitaka.

Ndiyo maana naitetea maktaba. Darasani lazima unyooshe mkono. Kwenye rafu unasoma bila kumweleza mtu kwa nini unasoma.

Lakini rafu nayo ina lugha yake. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba kufuatana na mada, 616 ni mahali pa magonjwa. Kitabu kinachoeleza hali hii kikiwekwa hapo, mwanafunzi ameshajibiwa kabla hajakifungua. Mahali pake ni 306.7, penye mahusiano ya kijinsia, au 613.9, penye elimu ya uzazi na afya ya kijinsia. Kisifungiwe kabatini kwa mkutubi, kwa sababu kukiomba ni sawa na kujitangaza. Na lile daftari la kuazima linalolala wazi mezani, kila mtu akisoma majina ya waliotangulia, lifunikwe. Mwanafunzi aruhusiwe pia kusoma palepale bila kuandika jina.

Si ajabu mkutubi akaogopa, hasa tangu Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka 2023, inayoadhibu uhamasishaji wa ushoga. Kutovutiwa na mtu si ushoga. Hata hivyo mkutubi asibebe jambo hili peke yake: akisome kitabu chote kwanza, kisha akipitie pamoja na mwalimu mkuu na mwalimu mlezi, wakubaliane kinafaa kidato gani na kiingie rafuni kwa ridhaa ya shule.

Mwanafunzi akija kuuliza ana kwa ana, mkutubi asimpe jina la hali yake. Mwenye miaka 15 halazimiki kujua leo atakuwa nani akifika 25. Amweleze kwamba wapo watu wa namna hiyo na ni wazima, kwamba hadaiwi kulala na mtu ili kumthibitishia yeyote chochote, kisha ampe kitabu na kumwachia kiti.