Flashi inawaka kwenye mpakato, kishikwambi kinaikataa: dhana potofu na ukweli

"Flashi ya kupigia Windows ni nzima, kwenye kompyuta mpakato inawaka vizuri. Basi kishikwambi ndicho kimekufa bodi." Kauli hii imezoeleka mno kwa mafundi wa Dar es Salaam, na anayeitoa mara nyingi ameshapita Kariakoo, ameshauriwa abadilishe tundu la chaji au bodi nzima, na hela imeshamtoka. Hakuna dhana inayowatia watu hasara kama hii.

Ukweli ni kwamba flashi kuwaka kwenye mpakato hakuthibitishi lolote kuhusu kishikwambi. Vishikwambi vingi vya Windows vya bei nafuu vilivyotoka mwaka 2013 hadi 2015, vile vya Intel Atom kama Z3735F, vina prosesa ya biti 64 lakini UEFI viliyowekewa kiwandani, yaani programu ndogo inayokiwasha kifaa kabla ya Windows, ni ya biti 32. UEFI ya namna hiyo ikichomekewa flashi inatafuta faili moja tu: \EFI\BOOT\bootia32.efi. Flashi ya Windows ya biti 64 imebeba bootx64.efi. Kishikwambi hakioni kinachokitafuta, kwa hiyo ama flashi haitokei kabisa kwenye menyu, ama inatokea na ukiichagua unarudishwa palepale. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna mlio. Ukimya huo ndio unaomfanya mtu aseme tundu limekufa.

Kama Windows ya zamani bado inawaka, uchunguzi ni wa dakika moja. Fungua Settings, ingia System, kisha About, usome mstari wa System type. Ukikuta "32-bit operating system, x64-based processor", fungua msinfo32, programu ya taarifa za mfumo iliyomo ndani ya Windows, uangalie BIOS Mode. Ikiwa imeandikwa UEFI, jibu umeshalipata: UEFI yako ni ya biti 32, kwa sababu Windows inayowaka kwa UEFI lazima ilingane nayo biti. Usifungue mfuniko, usiguse bodi.

Wapo wanaochukua bootia32.efi mahali fulani na kuitupia ndani ya flashi ya biti 64. Menyu itaionyesha flashi, kazi itaanza, kisha itakwama, maana Windows ya biti 64 haipandi juu ya UEFI ya biti 32. Linux inaweza, tangu toleo la 3.15 la kiini chake la mwaka 2014, na Debian, mojawapo ya aina za Linux, ilianza kuihudumia hali hiyo kwenye toleo la 8. Kwa Windows dawa ni moja: tengeneza flashi ya Windows 10 kwa Media Creation Tool, programu ya Microsoft ya kazi hiyo, na uchague 32-bit (x86). Flashi ya GB 8 inatosha. Na tuambiane ukweli hapa: Windows 11 haina toleo la biti 32, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Anayekuahidi Windows 11 kwenye mashine hiyo anakula pesa yako.

"Waya wowote unafaa." Haufai. Kwenye tundu la micro USB, waya wa OTG, ule wa kuchomekea flashi au kibodi, umeunganisha pini ya nne na ya tano. Kishikwambi kikihisi muungano huo ndipo kinajua kimechomekewa kifaa. Waya wa kawaida hauna muungano huo, kwa hiyo kishikwambi kinasubiri chaji tu. Pia mguso wa kioo mara nyingi haufanyi kazi wakati wa kupiga Windows, hivyo utahitaji kibodi na mausi pamoja na flashi, vyote kupitia habu. Tafuta habu yenye umeme wake, na ujaze chaji hadi 100 kabla ya kuanza, kwa sababu vingi vya tundu moja havichaji huku vikitumia OTG.

"Nenda ukawashe Legacy." Legacy ni njia ya zamani ya kuwasha, ya BIOS, na vishikwambi hivi vingi havina kabisa. Ukitumia Rufus, programu nyingine ya kutengenezea flashi, chagua GPT, UEFI na FAT32. FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, na install.wim, faili kubwa lililobeba Windows yenyewe, siku hizi mara nyingi inavuka hapo. Likate vipande kwa amri hii, kwenye Command Prompt kama msimamizi:

Dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Hapo D ni ISO (faili la Windows ulilopakua) uliyoifungua na E ni flashi. Yale mengine ya ISO yanakili kama yalivyo, ukiacha install.wim.

"Zima Secure Boot kwanza." Secure Boot ni kinga inayoruhusu programu zenye saini tu wakati wa kuwasha. Ushauri huu unatolewa kiholela na unaumiza watu. Windows halisi ya Microsoft ina saini na inawaka Secure Boot ikiwa imewashwa. Ukiizima kwenye kifaa chenye BitLocker, kinga inayofunga diski kwa ufunguo, kama Surface nyingi za Microsoft, kikiwaka tena kinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na mwenyewe hajawahi kuuona. Ufunguo huo uupate kwanza kwenye akaunti yake ya Microsoft. Kwenye Surface, kuwasha kwa flashi hakuhitaji hata kuingia kwenye mipangilio: kifaa kikiwa kimezimwa, shikilia kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza cha kuwashia na ukiachie, endelea kushikilia kile cha sauti hadi vidoti vianze kuzunguka.

"Flashi ya GB 64 niliyonunua juzi haiwezi kuwa na shida." Flashi za bei ya kutupa hudanganya ukubwa, unaandika hadi mwisho bila kosa, kisha usakinishaji unakatika katikati. Ipime kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi, kabla ya kulaumu chochote.

Na kishikwambi cha Android hakipigwi Windows kwa flashi ya USB. Kina njia zake za kuflashi, na hizo ni habari nyingine.

Linalosahaulika kuliko yote ni draiva za mguso. Kwenye vishikwambi vya chipu ya Silead, kila modeli ina faili lake. Ukilifuta, kioo kinakufa ganzi au unagusa kushoto kinaitika kulia, na watengenezaji wengi wadogo hawaziweki draiva hizo mtandaoni. Kabla ya kufuta chochote tengeneza folda, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

pnputil /export-driver * E:\draiva

E hiyo iwe flashi nyingine, si ile ya kupigia Windows, kwa sababu Rufus na Media Creation Tool zote hufuta kila kilichomo kabla ya kuandika.