Beni ya Askari Tabora: Namna ya Kuiigiza Upya Bila Kuiharibu

Kikundi kinachotaka kuonyesha jinsi askari wa Tabora walivyojiburudisha enzi za ukoloni kisianze na bunduki za mbao. Kianze na beni.

Jina limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Ngoma hii ilizuka pwani ya Kenya miaka ya 1890, na Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara kupitia askari na wapagazi. Tabora ilikuwa mahali pake: mji wa boma, uliofikiwa na reli mwaka 1912, kisha Septemba 1916 ukatwaliwa na jeshi la Wabelgiji kutoka kwa Wajerumani.

Tunaiita ngoma, lakini ndani yake mna maigizo kamili. Kila mchezaji alipewa cheo, kuanzia Kingi na Jenerali hadi daktari na wauguzi, naye alikiishi. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo za Kiswahili. Vyeo hivyo vilikuwa na kazi hata ngoma ikiisha, kwani chama kiliuguza wagonjwa, kilizika wafu na kupokea wageni. Ndiyo maana Kingi akifanywa mchekeshaji, onyesho zima limepotoka.

Kwa uwanja wa shule, wachezaji 24 wanatosha: safu tatu za watu wanane, wakiachana urefu wa mkono. Anayeamuru ni mwenye filimbi. Kosa la kawaida ni kuipuliza katikati ya wimbo. Waitikiaji hukatika na hatua huvurugika. Filimbi ilie kiitikio kinapokwisha, na ngoma kubwa ipige mapigo manne kabla ya safu kugeuka.

Penye ugumu hasa ni tarumbeta za vibuyu. Mfano mzuri umehifadhiwa na malipenga ya Malawi, ngoma iliyotokana na beni. Chagua kibuyu kikavu chenye shingo ndefu, kitoboe tundu la mdomo, kata ncha ya pili, kisha toboa kitundu kidogo ubavuni. Kitundu hicho kizibwe kwa utando mweupe wa buibui, ule unaofunika mayai ukutani, na ushikizwe kwa nta. Mchezaji haipulizi: anaimba ndani yake, utando unatetemeka na sauti inakwaruza kama shaba. Isipolia, mara nyingi utando ni mzito au umelowa mate. Ganda jembamba la ndani la kitunguu linafaa kwa dharura.

Ngozi ya ngoma nayo hulegea masika. Ipashe mbali kidogo na moto, kwani ukiisogeza sana itapasuka.

Mavazi: kaki, tarbushi, na vitambaa vya miguu vyenye upana wa sentimita 10 na urefu wa kama mita 2.5. Anza kuzungushia kwenye kifundo, panda hadi chini ya goti, ufunge hapo. Ukianzia juu vitashuka gwarideni. Ukikaza mno, miguu itakufa ganzi kabla ya wimbo wa tatu.

Mwishoni Kingi akague safu. Ngoma inyamaze kwanza, ili hatua zake zisikike.