Mahubiri ya kwanza: usimhubirie mwalimu wako wa chuo

Wanafunzi wa uchungaji wanaokuja usharikani kwangu kwa mafunzo ya vitendo huniuliza sana nini cha kufanya ili miguu isitetemeke mimbarini. Itatetemeka. Martin Luther mwenyewe, baba wa Kanisa la Kilutheri, alisimulia jinsi alivyomtolea Staupitz, mkuu wake katika shirika la Waagustino, visingizio chungu nzima vya kukwepa kuhubiri, chini ya mti wa mpea kule Wittenberg, mpaka akasema kazi hiyo itamuua. Staupitz akamjibu kwa utani kwamba hata huko juu Mungu anahitaji watu wenye akili.

Hofu haiharibu mahubiri kama tunavyodhani. Kinachoyaharibu ni mwanafunzi kumhubiria mwalimu wake wa chuo, ambaye wala hayumo kanisani.

Mpe Luka 5:1-11, Yesu anapomwambia mvuvi Simoni ashushe nyavu, umwone. Ataanza na mwaka ilipoandikwa Injili, aende kwenye majina ya ziwa la Genesareti, kisha alinganishe kisa hiki na Yohana 21. Dakika kumi zimekwisha na Simoni bado hajashusha wavu. Hayo yote lazima ayajue, lakini mahali pake ni mezani, katikati ya wiki, anapoandaa.

Sasa lipeleke andiko hilohilo kwenye usharika wa kando ya Ziwa Victoria. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, wakawasha taa juu ya maji ili dagaa wajikusanye. Mwezi ukiwa mpevu, kazi inalala. Kwenye mabenchi wamekaa watu wanaojua maana ya kurudi alfajiri na mtumbwi mtupu, mafuta ya injini yameteketea na deni liko palepale. Ukiwasomea "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu", hawahitaji ufafanuzi.

Tazama pia mstari wa 2: wavuvi wameshashuka, wanaosha nyavu. Anayeosha nyavu amefunga kazi, anachotaka ni kulala. Ndipo seremala wa Nazareti anapomwambia arudi kilindini, tena mchana! Mvuvi aliye mbele yako anajiuliza kimoyomoyo huyu anajua nini kuhusu samaki. Usilikwepe swali hilo. Kaa nalo, maana Simoni naye alilitoa kwa adabu kabla ya kusema "lakini kwa neno lako".

Wala usiwaahidi mtumbwi uliojaa. Kwenye mstari wa 11 watu hawa wanaacha vyote na kumfuata, na samaki wale wanabaki ufukweni. Mhubiri anayeishia mstari wa 7, mitumbwi inapojaa samaki, kwa shangwe amelikata andiko katikati, na siku hizi wanaolikata hapo ni wengi mno.

Mengine ni ya kawaida. Jumamosi, ingia kanisani likiwa tupu, usome somo kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Mwulize mzee wa kanisa nani amefiwa wiki hiyo, usije ukatoa mzaha wa jeneza mbele ya mjane. Ukishatoa salamu ya Paulo, "Neema na iwe kwenu, na amani", ingia kwenye Neno. Shukrani kwa baba askofu, mkuu wa jimbo, kwaya zote na mchumba wako zitakula robo ya muda wako. Dakika 15 zinakutosha kabisa kwa mara ya kwanza. Halafu ile "Bwana Yesu asifiwe" ya kila unapopoteza uzi: waumini wataitikia "Amina", lakini wameshajua. Ni afadhali unyamaze, utazame karatasi yako, uendelee. Kimya unachokiona wewe kuwa kirefu, wao hata hawakihisi.

Mlangoni watakushika mkono: "Ubarikiwe mtumishi." Hiyo ni salamu, usiihesabu kuwa tathmini. Mimi pia sisemi kitu siku hiyo, maana mtu aliyetoka kuhubiri mara ya kwanza hasikii vizuri, awe amesifiwa au amekosolewa. Subiri ibada ya jumuiya katikati ya wiki, umwulize mama mmoja asiye na makuu, "Mama, Jumapili ulibaki na nini?" Akikutajia wale waliokuwa wanaosha nyavu, tuendelee na somo lijalo. Akikwambia kwaya iliimba vizuri, njoo na karatasi yako tuipitie mstari kwa mstari.